Hati za Dale Hruska

Twyla alitaka kumrushia mumewe, Dale, hati za talaka usoni, kwa mkono wake mwenyewe. Lorna, ambaye kazi yake ni kupelekea watu hati za mahakama, akamkatalia.

"Hapa Ohio mwenye kesi hapeleki hati zake, shoga. Ukithubutu, mahakama itazikataa. Niachie mimi."

Dale alikuwa amehamia kwa mama yake, na kila Lorna alipogonga mlango, hakutoka mtu. Jumamosi akafungua mama mtu, mikono inanuka kabichi.

"Dale hayupo."

"Nasikia ameshahama, mama. Majirani wanasema ulimchoka ukamfukuza."

Mama Hruska akapandwa na mori. "Nani kasema? Mwanangu nimfukuze? Anaishi hapa na mimi! Analala chumba chake kile kile cha utotoni, nguo zake nafua mimi, na kabichi yangu ya nyama anakula mpaka anajilamba vidole. Yule mkewe hata yai hajui kukaanga!"

"Kwa hiyo mnaishi wote humu ndani?"

"Wote! Nenda kawaambie hao wambea!"

Lorna akamtia mkononi bahasha yenye hati za talaka. Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mkate, kwamba sheria ya jimbo inaruhusu hati za mtu aachiwe mtu mzima anayeishi naye nyumba moja, na hapo huhesabika kuwa mhusika amezipokea mwenyewe.

Kutoka chumba cha utotoni, mwanamume mzima akafoka:

"Mama! Umemwambia nini huyo?"