Pumzi Migombani

Tarehe 14 Julai 1999, saa tisa alasiri, ukungu ukiwa umefunika migomba ya Kibosho, Jovin alimsomea mkewe, Bernadetha, majibu ya vipimo vya damu yake mwenyewe: alama za uvimbe wa ndani zilikuwa juu, ingawa hakuwa na jeraha wala homa. Daktari alisema chanzo ni koo lake kujifunga usingizini, mwili ukakosa hewa.

“Pumzi yako inapokatika,” alisema Bernadetha, “nasikia mtu akivuta pumzi kaburini kwa marehemu baba yako. Mpe mbuzi uliyemwahidi alipokuwa mgonjwa, Baba Pamela.”

“Nitalala ubavu, kama alivyoagiza daktari. Lakini mbuzi nilimwahidi kwa kinywa changu.”

Jioni alimchinja mbuzi huyo kaburini. Pumzi ndefu ikatoka kaburini, ikashuka migombani, kisha kimya. Deni lilikuwa limelipwa.