Nywele za Mwezi wa Nane

Nyirahabimana msusi hakuumbiwa ulimi wa kukaa kinywani. Alipoona nywele za Joselyne zimebaki kwenye chanuo kama manyoya ya kuku wa Pasaka, soko zima la Kamembe, ng'ambo ya Bukavu, lilisikia.

"Maman Bella, nywele zako zinakimbia vita! Hazijaacha hata mulinzi?"

Watu wakacheka. Kisha, mmoja mmoja, wateja walionunua kwake sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakahamia meza ya pili. Mwaka ule wa tisini na nane, mwanamke anyonyoke nywele na mumewe haonekani, watu walikwisha kumpima bila kumtoa damu. Joselyne mwenyewe alikaribia kuwaamini. Akifa, bintiye Bella wa miaka minne atabaki na nani?

Akaenda kwa Munyemana, muuguzi mzee aliyekulia Bukavu.

"Toa kitambaa, Maman. Miye nina upara, siwezi kukucheka."

Akapapasa kichwa, akakitazama kwa lenzi. Hapakuwa na viduara vya mapunye, wala kovu. Akashika fungu dogo, akalivuta polepole toka shinani mpaka nchani. Zikatoka nywele kumi na mbili. Akazilaza juu ya karatasi. Kila moja ilikuwa na kitone cheupe mwishoni.

"Hizi hazikukatika. Zilikufa zamani, zikangoja." Akamchungulia mdomoni. "Ile ugonjwa wanasema sokoni, siioni hapa. Nywele ya hivi, muntu anapigwa na kitu leo, yenyewe inaanguka kisha miezi tatu. Sasa ni Novemba. Hesabu."

Joselyne hakuhesabu.

"Mwezi wa nane ulikuwa na homa?"

"Hapana."

"Ulizaa?"

"Nizae na nani, Papa? Mulume iko Bukavu, anauzisha viatu. Alivuka mbele vita ya mwezi wa nane haijaanza."

"Anatuma salamu?"

Joselyne akashika kitambaa akifunge tena. Munyemana akaonyesha benchi la nje kwa kidevu. Wanawake sita walikaa pale, vitambaa vimekazwa mpaka kwenye nyusi.

"Bale bote, kichwa kama yako. Bote mwezi wa nane."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Joselyne alisema huku akiziangalia zile nywele. Mwezi ule wa nane alikuwa mpakani, Rusizi I, akamwona mpagazi anavuka amevaa koti la mumewe, Mulume. Alilijua kwa kifungo alichokishona yeye, uzi mwekundu kwa sababu mweusi uliisha. Aligeuza uso. Hakumwambia mtu, maana kwa kina Mulume mjane hunyolewa, na akishanyolewa, mtoto huambiwa. Zikiwapo nywele kichwani, Mulume anauza viatu.

"Koti ilikuwa na tundu?"

"Mbili. Mugongoni. Zilikuwa zimeshonwa vizuri."

Munyemana akaikunja karatasi. "Dawa sina, Maman. Zitaota."

Sokoni, Nyirahabimana alimwona anakuja akafungua kinywa, utani umekwisha kuiva. Joselyne akaketi kwenye kigoda chake, akavua kitambaa mbele ya watu.

"Tafuta wembe mupya," alisema. "Lakini kwanza muniitie Bella."

Nyirahabimana akakifunga kinywa.