Kasimiri na Matairi Yake Makubwa

Uwesu alikuwa na miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza akiwa amepiga magoti mbele ya magurudumu ya watu, pale Mtendeni, Tabora mjini. Wenye malori aliwaheshimu. Wenye magari mabovu aliwahurumia. Lakini mtu mwenye gari zima, linalokwenda vizuri, kisha akatoka kwake kwa hiari yake kwenda kuliharibu ili lionekane refu, huyo Uwesu alimtazama kama mtu anayemwaga maji ya kunywa wakati wa kiangazi.

Babu mzaa babu yake alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani na kurudi, akaenda Ujiji na kurudi, mzigo begani. "Watu wale," Uwesu alizoea kuwaambia wateja wa namna hiyo, "walitembea njia yote ile kwa miguu waliyopewa na Mungu, wala hakuna aliyeomba arefushwe."

Ijumaa moja asubuhi akaingia Kasimiri, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, kijana wa miaka thelathini na kitu ambaye misimu miwili mizuri ilikuwa imempanda kichwani. Pikapu yake ilikuwa imekwisha kuinuliwa Dar es Salaam. Ilisimama juu ya springi zake kama mbuni. Nyuma amepakia matairi manne mapya yenye mashavu manene, yakiwa na rimu zake, na boksi la spesa, yale mabamba mazito ya chuma yanayokaa kati ya gurudumu na gari ili tairi litokeze nje.

"Mambo, fundi," alisema bila kushuka. "Nataka unifungie hivi vitu. Jumapili parokia yetu ina jubilei."

Uwesu, aliyemzidi karibu miaka ishirini, aliitikia kwa kuifuta mikono. "Na jubilei inahusiana nini na matairi?"

"Binamu yangu Ngollo anakuja kutoka Nzega. Yeye yuko kwenye dhahabu. Matairi ya gari lake yananifika hapa." Akajigusa kifua. "Sasa mimi nitaegesha wapi?"

Jibu lililomjia Uwesu lilikuwa la kumfukuza mteja. Alitwaa tairi moja, akalijaribu mbele, akazungusha usukani hadi mwisho. Tairi likagusa madigadi likakwama.

"Ukikata kona litakula bodi," alisema.

"Kata hiyo plastiki ya ndani."

"Na hizi spesa zako." Akaiinua moja, akaitia mahali pake, akaitikisa kwa vidole viwili. Ilicheza. "Unaona? Tundu la katikati ni kubwa kuliko habu, hiki kitovu gurudumu linapokaa. Haikai. Uzito wote utabebwa na bolti peke yake. Hizi zimetengenezwa kwa gari jingine."

"Niliziagiza kwa simu. Picha yake ilikuwa hii hii."

"Gari halitembei kwa picha."

Kasimiri alicheka, cheko la mtu anayemvumilia mzee. "Fundi, kazi yako kufunga. Ukishindwa, wapo wengine."

Hapo Uwesu alipaswa kumwambia aende kwa hao wengine. Baadaye alikiri hivyo. Lakini wakati ule alikuwa amekwisha kumdharau mno hata kubishana naye akaona ni kujishusha. Akapiga jeki. Akakata plastiki kama alivyoagizwa. Akafunga spesa moja moja, akakaza kila nati kwa uzito wake wote, kwa sababu mikono yake haikujua kufunga ovyo hata pale moyo ulipocheka. Magurudumu ya zamani aliyapakia nyuma ya pikapu na kuyafunga kwa kamba, ingawa Kasimiri alisema hayahitaji tena.

Alipomaliza, Kasimiri alikuwa akilizunguka gari huku akijipiga video.

"Sikiliza," Uwesu alimwambia. "Spesa mpya hulegea mwanzoni. Ukifika Usoke, simama. Yuko fundi Mustafa, karibu na stesheni, mwambie mimi nimekutuma. Afungue magurudumu yote, akaze nati za ndani upya. Usiipite Usoke."

"Wanangu wa Urambo, mnaona mambo hayo," Kasimiri aliiambia simu yake.

Uwesu aliona wazi kwamba hakusikia hata neno moja. Alifungua kinywa alirudie. Akakifunga. Aliona uvivu kumpa mtu yule neno zuri mara mbili.

Wakati huohuo bajaji ikasimama barabarani, na mama yake Kasimiri akashuka. Bi Gaudensia alikuwa amekaa Tabora wiki mbili kwa binti yake, akitibiwa mtoto wa jicho, na alikuwa amechoka kungoja kuchukuliwa. Alivaa miwani myeusi, akatembea kwa kuchechemea, nyonga yake ya kushoto haikuwa nzima.

"Shikamoo, mama," alisema Uwesu.

"Marahaba, baba. Hujambo?" Kisha akaligeukia gari, akaliinulia uso polepole. "Kasimiri, napanda wapi?"

Kasimiri alimwonyesha mlango. Kizingiti cha mlango kilimfika mama kiunoni.

"Mwanangu, nilikuombea kwa Mungu upate gari," alisema Bi Gaudensia. "Sikukuombea ghorofa."

Uwesu akaleta kreti tupu la soda, akalishika lisiyumbe, na Kasimiri akamsukuma mama yake kwa nyuma kama gunia, huku mwanamke yule akikazana kuishika kanga yake isimvuke. Lilikuwa jambo la aibu kulitazama. Mlango ukafungwa, gari likanguruma, likatoka likikwaruza madigadi kwenye kona ya kwanza kabisa.

Uwesu alirudi kukaa. Akacheka peke yake kidogo. Kisha kicheko kikamwisha. Akili yake ilikuwa imekataa kutoka pale mlangoni, kwenye kile kiatu cheusi cha mama kilichokuwa kikitafuta pa kukanyaga. Alipiga simu, namba ambayo Kasimiri alimwachia. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya nne akasimama, akatia spana na jeki kwenye mfuko, akawasha pikipiki yake.

Usoke alimkuta Mustafa amekaa kivulini na chai.

"Pikapu ndefu?" Mustafa alisema. "Imepita hapa kama inafukuzwa. Niliisikia kabla sijaiona."

Uwesu hakungoja zaidi. Kilomita kama kumi na tano mbele aliona watu wamesimama kando ya lami, na katikati yao pikapu imelala upande mmoja, pua chini. Gurudumu la mbele la kushoto halikuwepo. Lilikuwa limechomoka na spesa yake, likatangulia mbele, likakata shamba la mahindi na kuacha njia iliyonyooka, likaanguka karibu na nyumba ya mtu. Mtoto yeyote angeweza kuwa anacheza pale. Uwesu aliangalia ule mstari wa mahindi yaliyolala, akaufuata kwa macho hadi kwenye ile nyumba.

Bi Gaudensia alikuwa amekaa juu ya mojawapo ya magurudumu ya zamani yaliyoshushwa, mzima, miwani usoni, akinywa maji. Kasimiri alimjia Uwesu kidole mbele.

"Umenifungia vibaya. Umetaka kuniulia mama."

"Gari lilikuwa linatetemeka tangu tulipotoka mjini," alisema Bi Gaudensia bila kupandisha sauti. "Nikamwambia. Akasema ndivyo matairi makubwa yanavyotembea." Akamgeukia Uwesu. "Wewe fundi. Ulijua?"

"Nilijua yatalegea. Nilimwambia asimame Usoke."

"Hakuniambia," Kasimiri alisema.

"Nilikwambia. Ulikuwa unaongea na simu." Kisha Uwesu akayasema yaliyobaki, kwa sababu yule mama alikuwa bado anamtazama. "Niliona kwamba hakusikia. Sikurudia."

"Kwa nini?"

"Nilimdharau, mama."

Watu waliosimama walicheka, wakaacha. Bi Gaudensia aliifunga chupa yake ya maji taratibu.

"Hata mimi nimemdharau tangu asubuhi," alisema. "Nina haki hiyo, nimemzaa. Lakini ndani ya gari nilikuwamo mimi."

Uwesu akauendea mfuko wake. Akapiga jeki. Nati zote zilikuwa zimejifungua, bolti moja imekatika, tano zimekwaruzika lakini zinashika. Akazitoa spesa tatu zilizobaki, akazipanga kando ya barabara, akarudisha magurudumu ya zamani moja baada ya jingine, jua likimpiga kisogoni. Kasimiri alisimama pembeni bila kusaidia, akipokea simu za watu wa Urambo na kuwaambia kwamba kuna msongamano barabarani. Kwenye barabara ya Urambo, msongamano.

Kazi ilipokwisha, pikapu ilionekana kama dume la ng'ombe lililovalishwa viatu vya mtoto. Waliosimama hawakuficha vicheko.

"Nenda polepole, usizidi arobaini," Uwesu alisema, na safari hii alimshika Kasimiri bega hadi akamtazama. "Rudia nilivyosema."

"Polepole. Nisizidi arobaini."

"Tena."

Kasimiri akarudia, uso umemwiva.

Lakini Bi Gaudensia hakuusogelea mlango ule. Alikuwa ameiangalia pikipiki ya Uwesu, kiti chake kilivyo chini, akakikaribia kwa kuchechemea na kukaa upande, miguu pamoja, kama mtu anayekaa kwenye benchi la kanisa.

"Mama, watu watatuona," Kasimiri alisema.

"Ndiyo maana."

Ndivyo walivyoingia Urambo mchana ule, mama mbele kwenye pikipiki ya fundi, akiwapungia mkono wanawake wa jumuiya yake waliokuwa wakifagia uwanja wa kanisa, na nyuma yao, kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, pikapu ndefu yenye magurudumu madogo. Ngollo alikuwa amekwisha kufika. Uwesu alimjua kwa yale matairi ya kifuani, ameegemea gari lake, mdomo wazi.

Alizikaza nati mara nyingine mbele ya nyumba ya mama, akakataa chakula, akaondoka. Njiani alipofika kwenye lile shamba alisimama. Mwenye shamba alikuwa anainua mahindi yaliyolala, bua moja moja. Uwesu alishuka akamsaidia bila kumweleza yeye ni nani, kisha akapanda tena pikipiki. Alijidharau hadi Usoke. Kutoka Usoke hadi Tabora alirudi kumdharau Kasimiri, kwa kuwa hilo lilikuwa rahisi zaidi na barabara ilikuwa ndefu.