Kipandauso cha Zulhumor

Miezi minane Zulhumor, mfuma hariri wa mji wa Margilan, alimeza vidonge vya maumivu kila siku, na bado kipandauso kilimpasua kichwa hata akatapika kando ya mtambo wake wa kufumia.

“Dada, kuvimeza kila siku ndiko kunakokuzidishia maumivu ya kichwa,” daktari alimwambia. “Viache. Kidonge hiki kipya hakitulizi maumivu, kinayazuia yasianze. Subiri wiki nane.”

“Wiki nane! Mimi hata kesho sifiki!”

Siku ya tano baada ya kuviacha, maumivu yakapanda maradufu. Alijigaragaza sakafuni, kitambaa cheusi machoni, akimlilia mama mkwe wake, Oyimhon, aliyevificha vile vya zamani.

“Mama, kimoja tu! Nakufa!”

“Hufi, mwanangu. Nichukie ukitaka.”

Zulhumor akamporomoshea tusi ambalo hakuwahi kumtamkia mtu. Bibi yule alimwaga beseni la matapishi, akarudi na kitambaa cha maji baridi, akamkanda paji la uso mpaka mikono ikamfa ganzi.

Wiki ya saba kipandauso kilimjia mara moja tu, nacho hakikumwangusha. Ndipo alipopata uso wa kumwomba Oyimhon radhi.