Mgonjwa wa Télesphore

Télesphore alipovunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, ofisi ya ushirika wa kahawa pale Nyawera ilibaki bila mtu wa kutengeneza kompyuta. Haikupita muda, kompyuta ya Emmanuella, sekretari, ikakataa kuwaka. Ilikuwa inalia tu, bip, bip, na kioo kimebaki cheusi.

Emmanuella akazunguka kutafuta fundi. Mmoja alijua simu tu. Mwingine alikuwa amesafiri Uvira. Mwisho akampigia Télesphore mwenyewe.

"Iko nalia mara mingi?" Télesphore akauliza.

"Mara mingi, papa."

"Ningekuwa na muguu, ningekuja."

"Basi sisi ndio tutakuja."

Akaifunga ile mashine ndani ya kitenge, akapanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Kadutu alikokaa Télesphore. Barabara ilipokwisha, akaibeba mgongoni kama mtoto, akapanda kijia polepole. Aganze, mke wa Télesphore, alikuwa mlangoni.

"Maman, unabeba mutoto ya nani?"

"Ni mugonjwa ya bwana yako."

Aganze akacheka, akampokea mzigo.

Télesphore alikuwa amelala, mguu ndani ya plasta. Tangu ajali alikuwa haongei sana. Alimwambia mke wake kwamba kazini wamekwisha kumsahau. Sasa akajiinua kwa viwiko.

"Fungua pale pembeni," akasema. "Ile kipande ndefu ni memwari. Itoe."

"Nitaharibu, papa."

"Hautaharibu. Niko hapa."

Aganze akamulika kwa simu. Emmanuella akakitoa kile kipande, akapangusa meno ya kipande hicho kwa gomu ya shule, ile ya kufutia penseli, akapuliza vumbi, akakirudisha mpaka kikalia *tak*. Wakaunganisha mashine na televisheni ya nyumbani, wakaiwasha. Haikulia tena. Ikatokea picha ambayo Emmanuella alikuwa ameiweka kwenye kioo chake: watu wote wa ofisi kwenye sikukuu, Télesphore katikati, mdomo umejaa.

Télesphore akanyoosha kidole kwenye picha.

"Gérard amenona," akasema. Gérard alikuwa mhasibu wao.

Emmanuella hakuruhusiwa kuondoka bila kula bugali na sambaza, visamaki vya ziwani. Alipofika ofisini, akawaeleza wenzake namna alivyopokelewa.

Juma lililofuata Gérard akapanda Kadutu amekumbatia printa. Télesphore akaikagua pande zote, akamtazama.

"Hii haina ugonjwa."

"Najua," akasema Gérard, akavuta kiti.