Mchanga Kitandani mwa Bi Ghanima

Azza aliporudi kutoka skuli alikosomesha, Alhamisi moja ya mwisho wa Mei, alimkuta mama yake ameshalitandika godoro lake ukumbini, na mito yote mitatu juu yake.

"Mama, kulikoni?"

"Nimehama," akajibu Bi Ghanima, huku akichambua mchele. "Chumba kile hakinitaki. Kila nikiamka nina mchanga usoni."

"Mchanga wa upepo huo. Hapa Al Qabil nani asiyekuwa na mchanga?"

"Upepo huingia ubavuni, na huu humwagika kutoka juu kama chumvi. Na ile dari inasema. Nikilala naisikia."

Azza akauweka mkoba chini. Mama yake alikuwa na miaka sabini na tisa. Alizaliwa Unguja mjini, akaletwa Oman msichana, akazaa wawili, akamzika mume, na sasa waliishi yeye na Azza tu ndani ya nyumba ile. Tangu Ramadhani alikuwa ameanza kusahau sahau: mara ameacha sufuria motoni, mara amemwita mwanawe Harub kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa zamani. Na leo dari inasema! Azza akajifungia jikoni, akampigia simu Harub, aliyekuwa akikaa Nizwa.

"Akili ya mama inaanza kwenda," alimwambia, na machozi yakamtoka.

Wakampeleka kwa daktari. Daktari akamuuliza leo siku gani, akampa karatasi achore saa, akamtajia maneno matano kisha akamtaka ayarudie. Bi Ghanima alirudia manne, na daktari akasema huo ni mwanzo wa usahaulifu wa uzee. Njia nzima ya kurudi alikaa ameushika mtandio wake, na Azza akajifanya anashughulika na usukani.

Si kwamba Azza hakukitazama chumba. Alikitazama. Juu ya kitanda palikuwa na doa la rangi ya chai, pana kama sinia, na rangi ya dari ilikuwa imevimba mapovu mapovu. Kutoka kwenye taa hadi ukutani ulipita mstari mwembamba wa kahawia, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Lakini hayo aliyajua. Paa lilivuja kwa mvua za mwaka uliopita, na Harub akaleta watu wakalipaka juu rangi nyeupe ya kuzuia maji. Kwa Azza, jambo lile lilikuwa limekwisha. Akakung'uta shuka, akafagia, na mchanga aliouzoa akautupa bila ya kuutia machoni. Lau angeuangalia, angeona kuwa ni wa kijivu, na mchanga wa Sharqiyah, mkoa wao, ni mwekundu.

Mwezi wa Julai jua lilikuwa la kukaangia samaki. Siku ya Jumatatu, baada ya Alasiri, mawingu yakashuka kutoka milimani, meusi, na upepo ukaanza kuyapiga makuti ya mitende. Azza, likizoni, alichoka kumuona mama yake akilala ukumbini kama mgeni.

"Leo nalala mimi kitandani mwako," akasema. "Nikitoka mzima, unarudi chumbani. Tumekubaliana?"

"Azza, usilale humo. Nakuomba."

"Mama, basi tena!"

Akaingia, akafunga dirisha, akajinyoosha. Mvua ikaanguka kwa kishindo, na mawe ya barafu ndani yake. Muda si muda akasikia: tk. Kimya. Tk, tk. Sauti ndogo, kama ya mtu anayevunja vijiti. Kitu kikamwangukia mdomoni. Akakipangusa, kilikuwa kikavu, kinakwaruza. Akageuza uso kulitazama dirisha, nalo lilikuwa limefungwa vile vile alivyolifunga.

Ndipo alipotazama juu. Ule mstari mwembamba ulikuwa umefunguka. Kidole kingeingia. Na dari yote ya upande ule ilikuwa imeshuka tumbo.

Azza alitaka kuinuka. Akili ilisema inuka, na mwili ukabaki palepale, macho yamemtoka. Kilichomwondoa ni mkono. Bi Ghanima, ambaye kwa miguu yake mibovu hata ngazi mbili hazipandi, alikuwa ameingia, amemshika kifundo cha mguu na kumvuta kwa nguvu ambazo Azza hakuwahi kuzijua. Wakaanguka wote wawili mlangoni.

Dari ikashuka.

Haikushuka kama kinavyoanguka kitu. Ilipiga. Nyumba ikatikisika na vumbi likawafunika. Lilipotua, kitanda kilikuwa kimekatika katikati, na mahali pa mto palikuwa na bonge la zege ambalo wanaume wawili wasingelinyanyua. Juu zilining'inia nondo, zimeliwa na kutu mpaka nyingine zimekuwa kama nyuzi. Maji yalitiririka juu ya nondo hizo.

"Sema alhamdulillahi," alisema Bi Ghanima. Uso ulikuwa mweupe wa vumbi, hadi kope.

Azza akafungua mdomo. "Nimezima pasi?" akauliza. "Mama, pasi nimeizima?"

Hakuwa amepiga pasi siku ile. Aliuliza mara nne, tano, na kila mara mama yake akamjibu, "Umeizima, mwanangu."

Asubuhi Harub akafika na mhandisi, kijana anayeitwa Aflah, ambaye Kiswahili alikirithi kwa bibi yake na kikamfikia nusu nusu. Wakapanda juu. Lile paa jeupe lilipendeza kama kitambaa cha meza, ila kwenye kona moja maji yalikuwa yamesimama. Aflah akaichana rangi kwa kisu, na maji yakafoka kutoka chini yake.

"Hawa watu wamepaka juu ya nyufa," alisema. "Na hii mlizamu ya kutoa maji wameziba kwa saruji, shufu, angalia! Maji haina njia. Jua inapasua, mvua inaingia, chuma inapata kutu. Chuma ikipata kutu inanenepa, inasukuma zege. Mchanga ilianguka chini, sivyo? Na mstari ya kahawia? Hiyo ilikuwa chuma inalia."

Harub alikuwa ameshika kichwa. Yeye ndiye aliyewaleta wale watu.

Wakateremka. Aflah akachukua mpini wa fagio, akaanza kugonga dari chumba kwa chumba. Ya jikoni ilijibu ti, ti, ngumu. Chumbani kwa Azza, ti, ti. Akaingia ukumbini, akafika juu ya lile godoro na mito mitatu, na Bi Ghanima amekaa juu yake na kikombe cha chai.

Du.

Akagonga tena. Du, du, kama ngoma. Hapakuwa na doa. Hapakuwa na ufa, wala chembe ya mchanga.

Aflah akaushusha mpini polepole. "Khala," alisema kwa sauti ndogo, kama anayemwita mama yake mdogo, "toka hapa. Sasa hivi. Chai iache."

Bi Ghanima akamtazama kijana, akatazama juu. Kwa mara ya kwanza Azza akaiona hofu usoni mwa mama yake. "Lakini hapa hapakusema kitu," alinong'ona. Wiki saba alikuwa amelala pale.

"Nyingine inaanguka kimya, khala."

Walitoka na dawa, msahafu na pasi za kusafiria, nguo walizovaa, basi. Garini, njiani kwenda kwa Harub, walipokwisha kuupita mji wa Ibra, Azza akasema, "Mama, nisamehe. Nilikuona umepotewa na akili."

"Nimekwisha kukusamehe," akajibu Bi Ghanima. Kisha, baada ya mwendo kidogo: "Lakini siku ile kwa daktari niliona haya, Azza. Niliona haya sana."

Walikaa Nizwa miezi minne, dari zote mbili zikavunjwa na kumwagwa upya. Waliporudi, baridi ilikuwa imeanza, na ikawa kweli kwamba Bi Ghanima anasahau. Daktari naye hakukosea. Siku nyingine husema kuna mtu anabisha, au kuna harufu ya moshi, au maji yanamwagika bafuni. Azza huacha daftari za wanafunzi, akanyanyuka, akafungua mlango, akachungulia jiko, akakagua bomba. Mara nyingi hapana kitu. Hurudi akamwambia, "Nimeangalia, mama, hapana kitu," akaketi karibu naye.