Dirisha la Kutokea

Fundi mwashi alimpa mkunga, mwenye nyumba, mpaka saa sita mchana achague madirisha. Kuta zilikuwa zimefika kiunoni, na mstari wa tofali unaofuata ndio ulikuwa wa kuanza kuachia nafasi za madirisha.

"Mama, nimesimama hapa nakusubiri wewe," alisema akijipangusa mikono. "Ya kusukuma, ya bawaba, au luva? Nikishapandisha ukuta, kubadilisha ni kubomoa."

Mkunga huyu alikuwa amezalisha kinamama wasio na idadi bila mkono kumtetemeka. Lakini wiki nzima ile alikuwa akizunguka mitaani, akikodolea macho nyumba za watu, mpaka mlinzi mmoja akamuuliza amepoteza nini. Madirisha ya kusukuma yanapendeza, ila yanafunguka nusu tu. Luva, na vipande vyake vya vioo, zinaleta hewa, lakini mtu hapenyi. Ya bawaba yanafunguka yote, sawa, ila nyuma yake kutakuwa na grili. Na grili ndiyo iliyomnyima raha.

Grili zilikuwa za baba mkwe wake. Mzee Cheche, kama alivyoitwa kwa miaka arobaini ya kuchomelea vyuma, alikuwa ameahidi kuzitengeneza zote mwenyewe, zawadi kwa mwanawe. Sasa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tepu ya kupimia mkononi.

"Nondo nene, zinaingia ukutani inchi nne kila upande," alitamba. "Mwizi akija hapa atayaacha meno yake."

Mwashi akacheka. Mkunga naye alijaribu kucheka, akashindwa. Alikuwa ameshampigia mumewe simu asubuhi, na jibu lilikuwa lile lile: "Muachie Baba, mke wangu. Usimvunje moyo." Mumewe hakujua kitu. Mkunga hakuwahi kumwambia.

Aliingia kwenye chumba kitakachokuwa cha watoto, akasimama katikati ya kuta fupi akihesabu pumzi zake. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Nyuma yake alisikia viatu vya mzee vikikanyaga mchanga.

"Mwanangu, grili zangu zimekukosea nini? Kila nikizitaja uso unakubadilika."

Alitaka kusema hakuna kitu, Baba, ni uchovu tu. Maneno mengine kabisa yakamtoka.

"Nilikuwa na miaka tisa nyumba yetu ilipoungua. Moto ulikuwa mlangoni. Majirani wakaja dirishani, wakanishika mikono kupitia kwenye nondo. Walinishika, Baba, lakini hawakuweza kunitoa." Aligusa ukuta mfupi. "Wakafunga mnyororo kwenye gari, wakaing'oa grili. Mimi nikatoka. Mama mdogo alikuwa nyuma yangu; moto ukamuwahi."

Tepu ilimponyoka mzee, ikajikunja yenyewe kwa kishindo. Mkunga akajilaumu: haya, umemvunja moyo mzee wa watu.

"Zilikuwa zimeingia ukutani inchi ngapi?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, Baba."

"Nimefunga madirisha ya nusu ya mji huu. Sijawahi kumuuliza mtu hata mmoja atatokea wapi."

Akageuka, akamwita mwashi. "Vyumba vya kulala vyote weka ya bawaba, futi nne kwa nne. Na grili zitakuwa na mlango."

Wiki chache baadaye, grili ya kwanza ilipofungwa, mzee alimtaka mkunga afumbe macho, ainame kama mtu aliyezidiwa na moshi, afungue. Mlango ule ulikuwa na kufuli. Ufunguo ukamteleza, akaupapasa sakafuni, jasho likimtiririka, moyo ukimdunda kama zamani. Alipofumbua macho, mzee alikuwa amekwishawasha mashine ya kukatia chuma. Alilikata kufuli.

Safari ya pili aliweka komeo la ndani, limefunikwa bati mkono wa mwizi usilifikie.

"Sekunde nne," mzee alisema akitazama saa yake. "Tena. Kwa mkono wa kushoto."

"Baba, linafunguka."

"Tena, mwanangu."

Alifungua mara saba.

Walihamia. Hofu haikumtoka mkunga yote. Mpaka leo akiingia nyumba ya mtu macho yanakwenda dirishani kabla ya kumwona mwenyeji. Wanawe wanajua komeo lilipo na namna ya kulivuta.

Mzee Cheche alianza na nyumba yake mwenyewe, kisha akashika njia kwenda kwa wateja wake wa zamani, mlango kwa mlango, akiwaomba awakatie nafasi kwenye grili alizowafungia. Wengine walimcheka, wakasema uzee umemwingia. Mmoja alimfukuza, akidhani anatumwa na wezi. Jioni alipita kwa mkunga, kofia imejaa vumbi la chuma.

"Leo wamekubali wawili," alisema, akaomba maji ya kunywa.